Mshauri Asiye na Amri

Mshauri wa kijeshi ni ofisa wa aina yake. Ana cheo, ana redio, na nyuma yake kuna serikali yenye fedha na viwanda vya silaha. Lakini katika jeshi alilopelekwa kulisaidia hakuna hata kuruta mmoja anayelazimika kumtii. Akiona kikosi kinapelekwa pabaya, analoweza kufanya ni kusema. Kamanda mwenyeji anaweza kumsikiliza, anaweza kumpuuza waziwazi, na anaweza pia, kama inavyotokea mara nyingi zaidi, kumshukuru kwa adabu zote kisha akafanya lile aliloagizwa na mkubwa wake usiku uliopita. Mimi sijawahi kuvaa sare, ila nimesoma habari za kazi hii kwa miaka, tangu zama za masultani hadi vita vinavyoendelea sasa, na nimeishia kwenye jambo moja: ubora wa mafunzo huamua machache kuliko tunavyoambiwa. Kinachoamua mengi ni kazi ambayo watawala wa nchi mwenyeji wanataka jeshi lao liifanye.

Helmuth von Moltke alilijua hilo mapema. Kabla hajawa mkuu wa majeshi ya Prussia, dola ya Kijerumani, na jina linalotajwa katika kila chuo cha kijeshi, alikuwa kapteni aliyefika Istanbul mwaka 1835 na kubaki huko akilishauri jeshi la Sultani wa Dola ya Uthmaniya. Juni 1839, karibu na mji wa Nizip, alimsihi Hafiz Pasha, kamanda wa jeshi hilo, arudi nyuma hadi kwenye ngome iliyokuwa tayari huko Birecik, amsubiri adui mahali penye kinga. Pasha aliona kurudi nyuma ni aibu. Jeshi la Misri chini ya Ibrahim Pasha lilimzunguka na kumvunja. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa, na usahihi wake haukumfaa mtu yeyote isipokuwa wanahistoria.

Ni kweli kwamba Friedrich Wilhelm von Steuben, ofisa wa zamani wa Prussia, alifaulu, na hutajwa kila mara kama kielelezo. Aliwasili Valley Forge, kambi ya jeshi la Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru kutoka Uingereza, Februari 1778, bila kujua Kiingereza, akachukua askari wapatao mia moja na kuwafundisha kwata yeye mwenyewe, bunduki mkononi, ingawa maofisa wa jeshi lile waliona kwamba hiyo ni kazi ya masajini. Askari hao wakawafundisha wenzao. Alimwandikia rafiki yake wa Ulaya kwamba askari wa Amerika haitoshi kumwambia fanya hivi, ni lazima kwanza umweleze kwa nini afanye. Wanaopenda kumtaja husahau kwamba George Washington, kamanda wa jeshi hilo, aliyataka mafunzo hayo kuliko mtu mwingine yeyote, na kwamba kufikia Mei mwaka huohuo Steuben alikuwa amefanywa inspekta jenerali wa jeshi lile. Alikuwa amepewa amri. Hakuwa mshauri tena.

Kisa ambacho huwa nakirudia ni cha Ap Bac, kijiji cha wakulima wa mpunga katika delta ya mto Mekong, tarehe 2 Januari 1963. Wapiganaji wa msituni wapatao 350 walikuwa wamejichimbia kwenye mahandaki chini ya miti, kando ya mifereji. Jeshi la Vietnam Kusini lililotumwa kuwaondoa lilikuwa na watu zaidi ya 1,000, mizinga, ndege, helikopta za Wamarekani na magari ya deraya aina ya M113. Mshauri wa divisheni ya saba, Luteni Kanali John Paul Vann, alikuwa angani katika kindege kidogo cha upelelezi, akiona uwanja wote kwa macho yake na akizungumza na kila upande kwa redio. Asubuhi hiyo helikopta zilianza kuanguka. Mpaka vita vinakwisha zilikuwa tano. Vann alihitaji magari ya deraya yasogee upesi kuwakinga watu waliokuwa wamelala kwenye matope ya mashamba. Kapteni aliyeyaongoza alijibu kwamba hapokei amri kutoka kwa Wamarekani. Saa zikapita huku magari yakitafuta pa kuvukia mifereji, na yalipofika yaliingia mapiganoni moja moja, na wapiga bunduki wa rashasha waliosimama juu yake, vifua wazi, wakapigwa mmoja baada ya mwingine.

Hapo bado mtu angeweza kusema ni uzembe wa vijana wachanga. Kilichofuata hakielezeki hivyo. Jioni ilipokaribia, upande wa mashariki pekee ndio uliobaki wazi, na Vann alimwomba Jenerali Huynh Van Cao, kamanda wa vikosi vya serikali katika delta, awaangushe askari wa miavuli huko ili waasi wasipate njia ya kutorokea. Cao aliwaangusha magharibi, nyuma ya vikosi vyake mwenyewe, giza likiingia. Usiku waasi wakaondoka kwa njia ileile ya mashariki, wakibeba majeruhi wao. Wanajeshi wa serikali wapatao 80 walikufa, na Wamarekani watatu pamoja nao. Jenerali Paul Harkins, mkuu wa kamandi ya Marekani huko Saigon, akawaambia waandishi wa habari kwamba ni ushindi, kwa kuwa kijiji kilitekwa.

Ukimsoma Cao kama mwoga, unakuwa umekosa somo. Rais Ngo Dinh Diem alikuwa amenusurika jaribio la mapinduzi la Novemba 1960, lililofanywa na askari wake mwenyewe wa miavuli, na tangu hapo alilihesabu jeshi kwanza kama kinga ya ikulu. Ofisa aliyepoteza watu wengi vitani alikaripiwa na kunyimwa cheo. Ofisa mtiifu aliyerudi na watu wake wote alipanda. Cao alikuwa ameielewa sheria hiyo ambayo haikuandikwa popote, naye alipanda. Kwa hiyo jioni ile, alipoacha mlango wa mashariki wazi, alikuwa akifanya hesabu sahihi kwa mujibu wa bosi wake. Vann angeweza kumfundisha mbinu za kuzingira kwa miaka kumi na matokeo yangekuwa yaleyale. Diem mwenyewe aliuawa katika mapinduzi ya majenerali wake Novemba mwaka huo, jambo linaloonyesha kwamba hofu yake haikuwa ya kujitungia.

Mwishoni mwa mwaka 1963 Marekani ilikuwa na watu wapatao 16,000 Vietnam, karibu wote kwa jina la washauri. Idadi hiyo haikuleta nguvu ya kumshurutisha mwenyeji. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini mkono uliojaa nao haulambwi ikiwa unatoa kila kitu bila sharti. Kila ofisa wa Saigon alijua kwamba Washington isingekubali nchi hiyo ianguke, hivyo tishio la kukata msaada halikuwa na uzito. Huu ndio mkwamo wa mshauri: mfadhili anapotangaza kwamba mshirika wake ni muhimu mno, anakuwa amemkabidhi mshirika huyo fimbo aliyopaswa kubaki nayo.

Korea Kusini ilikwenda njia nyingine, ingawa haikuanza vizuri. Ujumbe wa ushauri wa Marekani ulioundwa rasmi Julai 1949, wenye watu wapatao 500, ulilisifu sana jeshi la Korea kabla ya vita, na mkuu wake, Brigedia Jenerali William Roberts, hakuwa mchoyo wa sifa hizo mbele ya waandishi. Washington ilikuwa imekataa kulipatia jeshi hilo vifaru, kwa sehemu kwa kuogopa kwamba Rais Syngman Rhee angevitumia kuvamia kaskazini. Tarehe 25 Juni 1950 kaskazini ndiyo iliyovamia, ikiwa na vifaru, na Seoul ikaanguka baada ya siku tatu.

Mabadiliko yalikuja baada ya mambo mawili. Julai 1950 Rhee alimkabidhi Jenerali Douglas MacArthur uongozi wa kivita wa majeshi yake, kwa hiyo Wamarekani waliacha kuwa wasemaji tu. Pia Rhee alimwogopa adui wa nje kuliko alivyowaogopa majenerali wake. Mei 1951, baada ya jeshi la tatu la Korea kusambaratika mbele ya Wachina walioisaidia kaskazini, Jenerali James Van Fleet alilivunja kabisa na kugawa divisheni zake kwingine. Rhee alipodai silaha za kuunda divisheni kumi mpya, alijibiwa kwamba upungufu wake haukuwa wa bunduki, ulikuwa wa viongozi, na hao watengenezwe kwanza. Ndipo divisheni zilipoanza kutolewa mstari wa mbele kwa zamu na kupitishwa katika mafunzo ya wiki tisa, kuanzia askari mmoja mmoja, platuni, kombania, hadi batalioni nzima. Na maofisa wakapelekwa Marekani kusoma, askari wa miguu Fort Benning, wa mizinga Fort Sill. Van Fleet hakuwa mgeni katika kazi hii, kwani mwaka 1948 alikuwa ameongoza ujumbe kama huo Ugiriki wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lakini sidhani kwamba uzoefu huo ungemsaidia chochote Saigon mwaka 1963.

Afghanistan ndiko ambako orodha ya vifaa na idadi ya waliohitimu ilifika kileleni. Kati ya mwaka 2002 na 2021 Marekani pekee ilitenga dola zipatazo bilioni 88 kwa ajili ya vikosi vya usalama vya nchi hiyo. Kuanzia Januari 2015 ujumbe wa NATO ulikuwa na kazi tatu zilizotajwa rasmi, kufunza, kushauri na kusaidia, na nchi kadhaa zilipeleka washauri ambao wengi walikaa miezi sita, wengine mwaka, kisha wakaondoka na kumwachia mgeni mwingine kuanza upya kujifunza nani ni nani. Kanali wa Kiafghani aliyedumu katika nafasi yake miaka michache angeweza kupokea washauri wanne au watano, kila mmoja na mpango wake mpya wa mageuzi. Haishangazi kwamba alijifunza kutabasamu na kungoja.

Jambo la askari hewa halihitaji maelezo marefu kwa msomaji aliyewahi kusikia habari za watumishi hewa. Majina yalikuwa kwenye orodha, mishahara ilitoka, chakula na mafuta vilitolewa, watu hawakuwapo. Mfadhili alilipa kwa idadi, na idadi ikaletwa. Mifumo ya alama za vidole ilifungwa kuzuia hilo, na ilisaidia kwa kiasi, lakini kamanda aliyenunua cheo chake alihitaji kurudisha fedha yake, na hakuna mashine inayosoma deni la aina hiyo.

La helikopta ndilo linaloniudhi zaidi, pengine kwa sababu lingeweza kuepukwa na watu wenye akili zao timamu. Jeshi la anga la Afghanistan lilirusha Mi-17 za Kirusi. Marubani wake walikuwa wamezizoea kwa miaka mingi, na mafundi wake waliweza kufanya sehemu kubwa ya matengenezo wao wenyewe. Mi-17 ni chombo kigumu, kinabeba watu na mizigo mingi na kinapanda hadi vituo vya milimani. Uhusiano na Urusi ulipoharibika baada ya mwaka 2014, na baadhi ya wabunge wa Marekani wakitaka fedha za walipakodi wao zinunue bidhaa za nyumbani, ikaamuliwa kwamba Waafghani wahamie kwenye UH-60 Black Hawk. Helikopta hiyo ni nzuri kwa jeshi lenye karakana, vipuri na mafundi wa kuisimamia. Inabeba pungufu ya Mi-17 na inashindwa kufika baadhi ya miinuko ambayo Mi-17 hufika. Kuihudumia kulihitaji kuanza na fundi asiyejua kusoma mwongozo wake, na kwa kuwa muda haukutosha, kazi hiyo ilifanywa na wakandarasi wa kigeni. Makubaliano ya Doha ya Februari 2020, kati ya Marekani na Taliban, yaliwahusu pia wakandarasi: walipaswa kuondoka pamoja na wanajeshi. Walipoondoka mwaka 2021, ndege zilianza kukaa chini kwa kukosa matengenezo, vituo vilivyotegemea kupelekewa risasi na chakula kwa anga vikajikuta peke yake, na askari waliokuwa tayari kupigana wakauliza wanapigania nini. Kabul ikaanguka tarehe 15 Agosti.

Utaona kwamba hapa mwenye matakwa yaliyopinda hakuwa mwenyeji peke yake. Mfadhili naye ana siasa zake, viwanda vyake na wapiga kura wake, na mara nyingi hujenga jeshi linalofanana na la kwake, kwa sababu hilo ndilo wakufunzi wake wanalolijua. Huko Vietnam, katika miaka ya 1950, washauri walijenga divisheni za kuzuia uvamizi mkubwa wa kuvuka mpaka, kama ule wa Korea, wakati adui alikuwa akijipanga vijijini. Huko Somalia tatizo lilichukua sura nyingine: Umoja wa Ulaya ulianza kufunza askari wa nchi hiyo mwaka 2010, kwanza katika kambi ya Bihanga nchini Uganda, Marekani ikaunda na kulea kikosi cha Danab, Uturuki ikafungua kambi yake kubwa Mogadishu Septemba 2017, Falme za Kiarabu zikawa na kikosi zilichokifunza na kukilipa mishahara zenyewe. Kila mkufunzi alikuja na kwata yake na njia yake ya kulipa. Aprili 2018 maofisa wa Somalia walikamata takriban dola milioni 9.6 taslimu katika ndege kwenye uwanja wa Mogadishu. Falme za Kiarabu zikasema ni mishahara ya askari, zikafunga mpango wao, na kabla ya mwezi kwisha risasi zilikuwa zikirindima katika kituo chao cha zamani na silaha zikiporwa. Askari anayelipwa na balozi fulani anajua vizuri ni nani mwajiri wake.

Kuna upande ambao wanaoandika juu ya mbinu hupenda kuupita haraka. Huko El Salvador, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1980, Marekani ilijiwekea kikomo cha wakufunzi 55, na kikomo hicho hutajwa hadi leo kama ushahidi kwamba ujumbe mdogo unatosha. Batalioni ya Atlacatl ilikuwa ya kwanza kati ya vikosi vya haraka vilivyopata mafunzo hayo, mwaka 1981. Desemba mwaka huohuo iliingia El Mozote na vijiji jirani na kuua mamia ya raia, wengi wao watoto. Novemba 1989 askari wa batalioni hiyohiyo waliwaua mapadre sita Wajesuiti katika chuo kikuu cha San Salvador, pamoja na mpishi wao na binti yake. Kati ya matukio hayo mawili liko moja lenye kufundisha: Desemba 1983 makamu wa rais George H. W. Bush alikwenda mwenyewe San Salvador, akawaambia makamanda kwamba mauaji ya vikosi vya siri yakiendelea msaada utakoma, na kulikuwa na majina ya maofisa waliotakiwa kuondolewa. Mauaji ya aina hiyo yakapungua kwa muda. Maana yake ni kwamba makamanda waliweza kuyapunguza siku zote, na wakufunzi 55 hawakuwa na uzito ambao ziara ya siku moja ilikuwa nao. Sheria ya Leahy, iliyopitishwa Marekani mwaka 1997 kukataza msaada kwa vikosi vyenye rekodi ya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu, ni hatua ya maana, ila inachuja kikosi kimoja kimoja, wakati anayetoa amri mara nyingi anakaa juu ya vikosi vyote. Vivyo hivyo kwa mapinduzi: Kapteni Amadou Sanogo, aliyeipindua serikali ya Mali Machi 2012, alikuwa amehudhuria kozi Marekani, na Umoja wa Ulaya ulioanza kufunza jeshi la Mali mwaka 2013 ulifungasha virago Mei 2024, baada ya mapinduzi mengine mawili.

Msomaji atauliza kama kuna jeshi lililofaidika na washauri bila kumezwa nao. Jibu langu ni Misri. Baada ya kipigo cha mwaka 1967 kutoka kwa Israel, Wasovieti walijaa katika jeshi la nchi hiyo kwa maelfu, hadi ngazi za chini, na maofisa wa Kimisri walichoshwa na dharau yao. Julai 1972 Rais Anwar Sadat aliwafukuza. Wengi walidhani amejiondolea uwezo wa kupigana. Tarehe 6 Oktoba 1973 jeshi lake lilivuka Mfereji wa Suez kwa silaha za Kisovieti, kwa taratibu za Kisovieti za kuvuka maji, na kwa askari waliokuwa wamezoezwa kulenga vifaru kwa makombora madogo siku baada ya siku mpaka mikono ikafanya yenyewe. Lakini ukuta wa mchanga wa upande wa pili ulikatwa kwa pampu za maji, wazo la ofisa mhandisi wa Kimisri ambalo halikutoka katika kitabu cha mshauri yeyote. Sadat alitaka kitu kimoja kilichopimika, kuvuka na kushika ukanda mwembamba wa ardhi, na jeshi likachukua kutoka kwa wageni lile tu lililofaa kazi hiyo. Lilipotoka nje ya kazi hiyo, tarehe 14 Oktoba, likasonga mbele kupita kinga ya makombora yake ya kutungua ndege, lilipoteza vifaru vingi mno kwa siku moja.

Nikiitazama Ukraine naiona hali hiyo kwa namna mpya. Uingereza na Kanada zilianza kufunza jeshi lake mwaka 2015, na tangu mwaka 2022 makumi ya maelfu ya askari wake wamepitia mafunzo nchini Uingereza pekee. Hapakuwa na shaka juu ya matakwa ya mwenyeji. Adui alikuwa ndani ya nchi. Hata hivyo brigedi zilizofunzwa Ujerumani kwa ajili ya mashambulizi ya mwaka 2023 zilikutana na maeneo mapana yaliyotegwa mabomu ya ardhini bila ndege za kuwafungulia njia, wakati mafunzo ya majeshi ya Magharibi huchukulia kwamba anga ni lao. Askari waliorudi kutoka mstari wa mbele walianza kuwaeleza wakufunzi wao habari za droni, na wakufunzi wenye busara walichukua daftari. Mwaka 2025 Ukraine ilipeleka wataalamu wake Denmark kuonyesha namna ya kukabiliana na droni. Walifika huko bila amri juu ya askari hata mmoja, kama Moltke huko Nizip, ila safari hii mwenyeji alikuwa na sababu zake mwenyewe za kutaka kujua.